Kabla ya Kupima Kompaila, Toa Uzito wa Gunia

Wakati wa kuandaa Ubuntu 25.04, mfumo wa Linux uliotoka Aprili 2025, waandaaji wake walijaribu jambo ambalo waandishi wengi wa programu walikuwa wakilitamani: kukompaili (kugeuza msimbo chanzi kuwa amri za prosesa) pakiti zote za mfumo kwa -O3, swichi inayoiambia kompaila ijitahidi zaidi kuongeza kasi, badala ya -O2 iliyozoeleka. Walipima, kisha wakaghairi. Maelezo yao yalikuwa mafupi: zipo kazi zilizopata nafuu, lakini ukichukua mfumo mzima kasi ilipungua kidogo na pakiti zikanenepa. Habari hiyo imesomwa kwa njia mbili, na zote zina kasoro. Wapo wanaosema -O3 haina faida yoyote. Wengine wanasema iliyoshindwa ni GCC, kompaila iliyotumika, na kwamba Clang, mshindani wake, ingeleta majibu mengine. Hao hutandaza jedwali lenye safu mbili, ukubwa wa faili na sekunde za kuendesha, kila kompaila na mstari wake kama msimamo wa ligi.

Ninachosema ni kwamba safu hizo mbili si sifa mbili za kompaila zinazosimama kila moja kivyake. Ukubwa wa faili mara nyingi hutupa habari za maktaba, za kiunganishi (zana inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa faili moja) na za maelezo ya kutafutia hitilafu, huku kompaila yenyewe ikisikika kwa mbali. Kasi nayo, kwa sehemu kubwa, huzaliwa na ukubwa, ila ukubwa wa aina nyingine: si wa faili lililolala kwenye diski, bali wa ile sehemu ya msimbo inayozunguka ndani ya prosesa muda wote programu inapofanya kazi. Asiyetenganisha haya anapima mchele pamoja na gunia, kisha anamsifu mkulima kwa uzito wa gunia.

Tuanze na ukubwa, maana huko ndiko makosa yalikojazana. Machi 2024 lilitoka toleo 1.77 la lugha ya Rust. Kabla yake, programu ya kuandika mstari mmoja wa salamu, ikikompailiwa kwa cargo build --release kwenye Linux, ilitoa faili la MB 4 na ushei. Baada yake faili hilo likashuka hadi KB 400 hivi. Ni punguzo la mara kumi, na halikutoka kwenye amri hata moja ya prosesa. Cargo, zana ya kujengea programu za Rust, ilianza tu kuondoa maelezo ya kutafutia hitilafu yaliyokuwa yakija na maktaba ya msingi ya Rust, ambayo humfikia mtumiaji ikiwa imeshakompailiwa. Maelezo hayo hukaa ndani ya faili, lakini hayapakiwi kwenye kumbukumbu programu inapoendeshwa. Kwa hiyo aliyelinganisha Rust na C kwa faili hilo kabla ya Machi 2024, bila kupitisha strip, amri ya kuondoa maelezo hayo, alikuwa akilinganisha vitu ambavyo prosesa haivioni kabisa.

C nayo ina gunia lake. Kwenye Linux ya x86-64, andika main yenye puts moja, kompaili kwa gcc -O2, kisha tazama kwa ls -l. Utaona faili la baiti 16,000 hivi. Sasa lipitishe kwenye amri ya size: safu ya text itasoma baiti 1,500 hivi, data 600 hivi, bss (data inayoanza na sifuri) 8. Baiti nyingine elfu kumi na kitu ni za nini? Sehemu kubwa ni sifuri tupu. Tangu binutils 2.31 ya mwaka 2018, kiunganishi ld kwenye Linux ya x86 huweka msimbo kwenye kurasa zake na data kwenye kurasa zake. Ukurasa mmoja ni KB 4, hivyo panapoanza sehemu mpya nafasi hujazwa hadi mpaka wa ukurasa. Ongeza -Wl,-z,noseparate-code na faili litapungua huku msimbo ukiwa uleule. Hata ile text ya size haijatulia, kwa kuwa imechanganya msimbo na data isiyobadilika pamoja na majedwali ya kufuatilia staki (rundo la kumbukumbu la miito ya fanksheni); anayetaka msimbo mtupu atumie size -A na asome mstari wa .text peke yake. Programu hiyohiyo ukiiunganisha kwa -static (maktaba ikiingizwa ndani ya faili) na glibc, maktaba ya kawaida ya C, hupanda hadi mamia ya KB, na ukitumia musl, maktaba nyingine ndogo ya C, hushuka hadi makumi machache ya KB. Kompaila ni moja, main ni ileile. Lugha ya Go nayo hulaumiwa kwa kutoa salamu ya MB 2 hivi, ilhali ndani ya hizo MB 2 mna mfumo wa kuzoa kumbukumbu, mpangaji wa gorutini (kazi ndogo zinazokwenda sambamba) na pakiti nzima ya fmt ya kupanga maandishi. Hayo huletwa na lugha, na yangekuwemo hata kama kompaila yake ingekuwa bingwa wa dunia wa kubana msimbo.

Watengenezaji wa programu za Android wamekutana na jambo hili hivi karibuni bila kulitafuta. Tangu 1 Novemba 2025, Google Play inataka programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu yakubali kurasa za KB 16. Maktaba za .so lazima zipangwe upya kwa mpaka huo, ama kwa NDK r28 (zana za Google za kukompaili C na C++ kwa Android) ambayo hufanya hivyo yenyewe, ama kwa swichi ya -Wl,-z,max-page-size=16384. Nafasi za kujazia huongezeka, faili huongezeka, na hakuna aliyegusa msimbo.

Njia ya haki ya kulinganisha ukubwa si ngumu. Usilinganishe faili lililokwisha kuunganishwa. Kompaili kwa -c upate faili la .o kutoka kila kompaila, kisha pima .text kwa size -A kabla kiunganishi na maktaba havijaingiza mkono. Tumia msimbo mkubwa wa kweli: sqlite3.c, faili moja lenye mistari zaidi ya 200,000, linafaa kuliko salamu ya mstari mmoja. Halafu sawazisha mambo yaliyojificha. GCC inayokuja na Ubuntu huwasha yenyewe ulinzi kadhaa: kinga ya staki, ukaguzi wa _FORTIFY_SOURCE, na -fcf-protection ambayo huweka amri ya endbr64 ya baiti 4 mwanzoni mwa fanksheni zinazoweza kuitwa kwa njia ya kielekezi. Clang iliyopakuliwa kutoka kwingine huenda isiwashe yote hayo. Bila kuyataja waziwazi upande huu na ule, utakuwa umeshindanisha msimbo wenye kufuli na msimbo usio na kufuli. Andika -fno-stack-protector -fcf-protection=none -U_FORTIFY_SOURCE kwa zote mbili, au viwashe vyote kwa zote mbili, na uangalie kwa -v kompaila imepokea nini hasa.

Kwenye kasi, kosa la kwanza ni kuamini majina. -O2 ya GCC na -O2 ya Clang zina herufi zilezile, ahadi tofauti. Kwa -O2, Clang hugeuza vitanzi viende kwa vekta, yaani amri moja ishughulikie namba nne au nane kwa mpigo, na hukunjua vitanzi ili marudio kadhaa yafanyike bila kuruka. GCC ilikuwa ikisubiri -O3 ndipo iguse vekta. Ni toleo la 12, la mwaka 2022, lililoleta vekta kwenye -O2, tena kwa tahadhari, pale tu ambapo gharama ya ukubwa ni ndogo sana. Kwa hiyo majedwali ya kabla ya 2022 yaliyopambanisha -O2 kwa -O2 kwenye hesabu za safu za namba yalikuwa yakipambanisha kuwa na vekta na kutokuwa nayo.

-Os, swichi ya kutanguliza ukubwa mdogo, ni mtego mbaya zaidi. Chukua fanksheni inayogawa kwa 10 namba kamili ya biti 32 isiyo na alama. Kwa -O2 hakuna kompaila kati ya hizi mbili inayogawa: huzidisha kwa 3435973837, kisha husogeza biti 35 kulia, na jibu hutoka sahihi. Kwa -Os, GCC hurudi kwenye amri ya div kwa sababu ni fupi. Clang kwa -Os hubaki na kuzidisha, na hukubali div ukiipa -Oz, inayobana zaidi ya -Os. Kwenye Skylake ya Intel, kuzidisha huchukua mizunguko 3 na div ya biti 32 huchukua mizunguko 26 hivi, na programu inayogeuza namba kuwa maandishi hugawa kwa 10 kwa kila tarakimu. Atakayepima -Os kwa -Os kwenye kazi hiyo ataona Clang imeshinda kwa kasi na imeshindwa kwa ukubwa, aandike kwamba Clang ina haraka na GCC ni bahili. Alichopima ni namna timu mbili zilivyofasiri herufi moja. Jozi inayokaribiana ni -Os ya GCC na -Oz ya Clang. Kompaila ya Intel, icx, ina lake: hulegeza kanuni za namba za desimali bila kuombwa, wakati GCC na Clang hushika kanuni kwa ukali zaidi. Ukitaka ushindani wa kweli, ipe icx -fp-model=precise, la sivyo unailinganisha na washindani waliokatazwa njia ya mkato.

Sasa turudi kwa Ubuntu. Kuna nini ndani ya -O3 ya GCC? Humo mna -fipa-cp-clone, inayotengeneza nakala za fanksheni kwa ajili ya thamani maalumu za vigezo. Mna -funswitch-loops, inayotoa sharti nje ya kitanzi na kuacha vitanzi viwili badala ya kimoja. Mna pia -fpeel-loops, -fsplit-paths, na ukali zaidi wa kumeza fanksheni moja ndani ya nyingine. Karibu zote hununua kasi kwa nakala. Nakala hulipa pale kitanzi kinapozunguka mara milioni, kama kwenye kubana video, kuzidisha matrisi au kuchakata picha, na hapo -O3 inastahili sifa zake zote. Lakini msimbo mwingi wa mfumo wa kompyuta haufanani na huo. Ni kusoma mipangilio, kufungua dirisha, kuchambua hoja za mstari wa amri. Hupita mara moja au mbili basi. Nakala zilizowekwa humo hazirudishi gharama yake, ila zinabebwa: zinasomwa kutoka kwenye diski ukurasa kwa ukurasa, na zinagombea nafasi kwenye kashe ya amri, ile hifadhi ndogo ya haraka iliyo ubavuni mwa prosesa.

Hapa ndipo hoja iliyo dhaifu kuliko zote inapoanguka, ile isemayo kwamba diski siku hizi ni rahisi, kwa hiyo ukubwa hauna maana. Diski imekua mara maelfu. Kashe ya amri ya ngazi ya kwanza haikukua nayo. Kwa prosesa kuu za Intel, Core 2 ya 2006 ilikuwa na KB 32 kwa kila kiini, na Alder Lake ya 2021 bado ilikuwa na KB 32 kwenye viini vyake vikubwa. Kila mstari wa kashe ni baiti 64, kwa hiyo mistari ni 512 tu. Kitanzi kikuu cha programu pamoja na fanksheni zinazoitwa ndani yake kikipita hapo, prosesa husubiri amri zake zije kutoka mbali, na ubingwa wote wa vekta hukaa foleni. Hali hii huonekana kwa macho. Endesha perf stat -e instructions,cycles,L1-icache-load-misses,iTLB-load-misses kwa toleo la -O2 na la -O3. Ukiona -O3 imetekeleza amri chache zaidi lakini imetumia mizunguko mingi zaidi, na makosa ya kashe ya amri yamepanda, umeshapata jibu: ukubwa ndio uliokula kasi.

Kuna hoja nyingine yenye nguvu zaidi, na inastahili heshima. Inasema mtumiaji wa kawaida haweki swichi kumi. Anaandika gcc -O2 au cargo build --release, anapata anachopata, kwa hiyo kulinganisha vitu kama vinavyotoka dukani ndiko kulinganisha kwa kweli. Nakubaliana nayo nusu. Ukitaka kumshauri mtu achague mnyororo mzima wa zana, pima mnyororo mzima, gunia na vyote, na useme hivyo kwenye kichwa cha jedwali. Kinachokosewa ni kupima mnyororo halafu kuandika hitimisho kuhusu kompaila. Rust ya Februari 2024 na ya Machi 2024 zinatoa tofauti ya mara kumi kwa mpimaji wa mnyororo, na hiyo ni habari halali kwake. Kwa anayetaka kujua ubora wa msimbo unaozalishwa ni habari ya uongo.

Wapo pia wanaosema tuache kubishana, SPEC CPU, seti ya majaribio ya kasi ya shirika la SPEC, ipo. Kanuni zake ni nzuri kweli: kwenye kipimo cha msingi, programu zote za lugha moja lazima zikompailiwe kwa swichi zilezile, na hiyo peke yake huua hila nyingi. Lakini kipimo kinachojulikana mapema hualika kompaila zijifunze mtihani wenyewe. Mwaka 2024 SPEC ilibatilisha matokeo zaidi ya 2,600 yaliyotumia kompaila ya Intel, baada ya kuamua kwamba kompaila hiyo ilikuwa na uboreshaji uliotegemea kuujua msimbo wa jaribio la xalancbmk. Kasi iliyopimwa ilikuwa ya kweli, kwa programu ile tu.

Halafu kuna chuya ndani ya mchele wenyewe, yaani kelele za kipimo. Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba kubadili ukubwa wa vigeu vya mazingira ya shell, au mpangilio wa mafaili ya .o kwenye mstari wa kuunganisha, kunatosha kugeuza jibu la swali kama -O3 ina kasi kuliko -O2. Sababu haina uchawi. Vigeu vya mazingira hukaa juu ya staki, vikiongezeka staki husogea, na data inayotumiwa mara kwa mara huangukia mahali pengine kwenye mistari ya kashe. Mwaka 2013 Charlie Curtsinger na Emery Berger waliupanga upya msimbo kwa kubahatisha programu ikiwa inaendeshwa, ili athari za mpangilio zifutane, wakakuta faida ya -O3 juu ya -O2 kwenye LLVM, mfumo ambao Clang imejengwa juu yake, haitofautiki na kelele. Ukiwa na matokeo hayo mkononi, tofauti ya asilimia 2 kati ya kompaila mbili iliyopimwa kwa mpangilio mmoja haina uzito wa kuandikiwa hitimisho.

Kwa hiyo kipimo kinachostahili kuaminiwa huanza kabla ya saa kuanza kuhesabu. Funga kasi ya prosesa kwa cpupower frequency-set -g performance, na kwa Intel zima mwendo wa ziada kwa kuandika 1 kwenye /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo, maana joto la jaribio la kwanza hulipunguzia kasi la pili. Funga programu kwenye kiini kimoja kwa taskset. Pokezana: GCC, Clang, GCC, Clang, usimalize mizunguko yote ya moja ndipo uanze nyingine. Endesha angalau mara 20 kwa kila mpangilio, na badili mpangilio wenyewe: ongeza kigeu cha mazingira cha baiti mia, mia mbili, mia tatu, changanya mafaili ya .o wakati wa kuunganisha. Toa wastani wa kati na upana wa matokeo, si namba moja. Hakikisha pia kazi imefanyika kweli. Clang ikikuta kitanzi kinachojumlisha kuanzia 0 hadi n huondoa kitanzi na kuweka fomula, na kompaila yoyote yenye heshima hufuta hesabu ambayo jibu lake halitumiki. Namba ya kuingiza itoke kwenye argv (hoja za mstari wa amri), jibu lichapishwe. Sekunde 0.001 kwenye jedwali karibu kila mara ni dalili kwamba hakuna kilichopimwa.

Ipo mashine moja ambayo jedwali la safu mbili linafaa bila masharti mengi: kidhibiti kidogo kisicho na kashe. Arduino Uno hutumia ATmega328P yenye KB 32 za flashi, na baiti 32,256 zikibaki kwa programu baada ya kipakiaji kuchukua zake. Programu ya kuwasha na kuzima taa huchukua baiti 924. Hakuna mistari ya kashe ya kugombea, amri nyingi huchukua mzunguko mmoja kila zinapotekelezwa, na kukunjua kitanzi huongeza kasi mradi tu msimbo unaingia. Ukubwa ni ukuta, kasi ni hesabu ya mizunguko, na hivi viwili vinaweza kusomwa kimoja kimoja. Nadhani fikra nyingi za jedwali zimeanzia kwenye mashine za namna hii, zikahamishiwa kwenye prosesa ambazo sheria zake ni nyingine.

Kwa simu hesabu hubadilika tena. Mtu wa Tanga au Kisumu anayepakua programu kwa bando lililohesabiwa kwa MB analipia ukubwa wa pakiti iliyobanwa, kwa hiyo hilo ndilo la kupima, kwa kila aina ya prosesa peke yake. Suala la kompaila ipi limeshafungwa, kwa kuwa GCC iliondolewa kwenye NDK tangu r18 ya 2018. Kinachobaki ni -Oz kwa msimbo usio na haraka, -ffunction-sections pamoja na -Wl,--gc-sections (kutupa fanksheni zisizotumika), -fvisibility=hidden (kuficha majina yasiyohitajika nje ya maktaba), na -flto (kuboresha msimbo wote kwa pamoja wakati wa kuunganisha).

Kwenye kompyuta kubwa, matokeo ya Ubuntu yanatusukuma kwenye swali bora: si kompaila ipi wala -O ipi, bali ni fanksheni zipi zinazostahili nakala. Kompaila haiwezi kulijibu kwa kutazama msimbo chanzi peke yake. Lazima ionyeshwe programu ikifanya kazi. Kompaili kwa -fprofile-generate, endesha kazi inayofanana na ya kila siku, kisha kompaili upya kwa -fprofile-use. Hapo GCC hukuza msimbo wa moto, huubana ule baridi na kuupeleka kando, na faili linaweza kupungua huku kasi ikipanda. Firefox na Chrome hujengwa kwa njia hii. Huharibika kwa sababu zilezile kila mara: programu ikiuawa kwa kill -9 haiandiki mafaili ya .gcda yenye takwimu za mwendo wake, saraka ya kujengea ikihamishwa, hatua ya pili haiyaoni mafaili hayo na huendelea kwa onyo tu, na kazi ya mafunzo ikiwa ni seti ya majaribio ya hitilafu, kompaila hujifunza kuharakisha njia za makosa ambazo mtumiaji hazipiti. Pakiti inayoshinda -O2 kwa njia hii, mfumo mzima ukiwa umepimwa nayo ndani, ipewe inachostahili, na zile nyingine elfu kadhaa ziachwe na -O2 yao.